Je, ni kweli Mama Teresa aliondoka tu akaanzisha shirika lake?

*"Binti yangu ana miaka 21 na alikuwa mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi hapa Nairobi. Tangu Januari amehamia katika nyumba ya kupanga upande wa Kasarani, wanakoishi wasichana 7 pamoja na mama mmoja aliyekuwa sista katika shirika fulani na ambaye sasa anaanzisha shirika lake mwenyewe. Wanavaa shela, wanasali sana, wanawatembelea wagonjwa. Mama huyo anasema Bwana alimtokea na kumwagiza. Nilipouliza kama askofu anajua, binti yangu alinijibu kwamba hata Mama Teresa alitoka Loreto akaanza peke yake, na kwamba Mary Ward, mwanzilishi wa Loreto, alifungwa na Kanisa hilo hilo. Wameandikishwa serikalini; cheti nimekiona. Mwezi uliopita alifanya nadhiri pale sebuleni, na ameambiwa kwamba akirudi nyuma atakuwa amemkataa Mungu. Sasa tunaombwa kuchangia shilingi 80,000 za kiwanja. Mimi ni Mkatoliki na siogopi mtoto wangu kuwa sista. Naogopa hiki nisichokielewa. Je, hivi ndivyo mashirika yanavyoanza?"*

Mama, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale unaposema kwamba huogopi mtoto wako kuwa sista. Mimi mwenyewe ni mtawa. Nimewalea wanovisi, yaani wasichana walio katika malezi ya kabla ya nadhiri, kwa miaka mingi na nimefundisha sheria za Kanisa zinazohusu maisha ya wakfu, kwa hiyo nitakujibu kama mtu anayeijua nyumba hii kwa ndani. Binti yako amekupa mifano miwili ya kumtetea mama yule. Ni mifano mizuri sana, ila ameisikia nusunusu, na ukiifuata yote mpaka mwisho utapata sehemu kubwa ya jibu unalolitafuta.

Tuanze na Mama Teresa. Alizaliwa Skopje mwaka 1910, akaitwa Agnes Gonxha Bojaxhiu, na mwaka 1928 akaenda Ireland kujiunga na masista wa Loreto, wale wale ambao sisi wa Nairobi tunawajua kwa shule zao za Msongari na Valley Road. Walimtuma India. Alifundisha Kolkata kwa karibu miaka 20, na hatimaye akawa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana ya St Mary's, Entally. Tarehe 10 Septemba 1946, akiwa ndani ya treni akielekea Darjeeling kwenye mafungo, alisikia moyoni wito wa kutoka nje ya kuta za shule na kuishi na maskini kuliko wote. Hapa ndipo watu wengi huruka, wakamwona kesho yake amevaa sari nyeupe yuko mtaani. Sivyo ilivyokuwa. Kati ya siku ile ya treni na siku alipotoka mlangoni palipita karibu miaka miwili, na miaka hiyo miwili ndiyo ninayotaka uielewe vizuri.

Kwanza alimweleza mtu mmoja, padre Mjesuiti Céleste Van Exem, aliyekuwa akimwongoza kiroho. Padre hakumwambia aende. Alimwambia asali na anyamaze. Baada ya hapo, mwanzoni mwa mwaka 1947, alimwandikia Askofu Mkuu wa Kolkata, Ferdinand Périer. Askofu Mkuu naye hakumkataza wala hakumkubalia: alimwachia asubiri, akauliza maswali, akataka kujua watakula nini, wataishi vipi, nani atajiunga, na kwa nini jambo hilo lisifanywe na mashirika yaliyokuwapo tayari. Sista Teresa alimwandikia barua baada ya barua akimsihi aharakishe, na unapozisoma barua zile unaona jinsi kungoja kulivyomuumiza. Hata hivyo hakutoka. Aliendelea kulala alikopangiwa na kufundisha alikotumwa, na alipohamishiwa Asansol alienda.

Januari 1948 ndipo Askofu Mkuu alipomruhusu kumwandikia Mama Mkuu wa Loreto kule Ireland, na baadaye Roma. Wakati huo kulikuwa na njia mbili za kutoka katika shirika, na hadi leo njia hizo zipo. Moja ni kufunguliwa nadhiri kabisa na kurudi kuwa mlei, yaani muumini wa kawaida. Nyingine ni kupewa ruhusa ya kuishi nje ya jumuiya kwa muda, ukiwa bado mtawa na nadhiri zako zikikufunga kama zamani. Sista Teresa aliitamani hii ya pili. Askofu Mkuu alisisitiza aombe ile ya kwanza, ambayo ilimaanisha kwamba mambo yakiharibika hangekuwa na nyumba ya kurudi. Alitii, akaandika kama alivyoagizwa. Roma ikajibu kwa kumpa ile aliyoitamani: ruhusa ya mwaka mmoja, akiwa bado na nadhiri zake, chini ya mamlaka ya Askofu Mkuu wa Kolkata. Tarehe 17 Agosti 1948, jioni, alitoka Entally akiwa amevaa sari nyeupe yenye ukingo wa buluu.

Hata hapo, mama, hakuwa mwanzilishi wa shirika lolote. Alikuwa sista mmoja mwenye karatasi ya mwaka mmoja. Mwanafunzi wake wa zamani, Subashini Das, alimfuata Machi 1949, na wengine wakaja polepole, wakiishi katika ghorofa ya juu ya nyumba ya familia moja pale Creek Lane. Ruhusa iliongezwa, kanuni za maisha yao zikaandikwa na kupelekwa Roma kuchunguzwa, na tarehe 7 Oktoba 1950 Askofu Mkuu Périer akalisimika rasmi Shirika la Wamisionari wa Upendo kuwa shirika la kijimbo. Maana yake ni kwamba lilikuwa halali ndani ya Kolkata, chini ya askofu yule. Lilikubaliwa kuwa shirika la kipapa, yaani lililo chini ya Roma moja kwa moja, mwaka 1965, na hapo ndipo lilipoanza kufungua nyumba nje ya India. Masista unaowaona Huruma na sari zao za ukingo wa buluu walifika kwetu kwa njia hiyo ndefu.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa binti yako alisikie. Sauti alizozisikia Mama Teresa mwaka 1946 hakuwahi kuzitangaza kwa wasichana waliomfuata. Waliojua habari zake kwa undani walikuwa viongozi wake wa kiroho na askofu wake, na aliomba barua zile ziharibiwe ili watu wasije wakamfikiria yeye badala ya Kristo. Wengi wa masista wake walizijua baada ya kufa kwake mwaka 1997. Sisemi kwamba mama wa Kasarani hakuona kitu. Hilo siwezi kulihukumu kutoka mbali, na wewe pia usilihukumu. Ninachosema ni kwamba Kanisa limezoea maono yapelekwe kwanza kwa mtu mwenye mamlaka ya kuyapima. Yakipelekwa kwanza kwa wasichana wa miaka 21, ambao hawana uwezo wa kuyapima wala ujasiri wa kuyakataa, utaratibu umegeuzwa juu chini.

Sasa Mary Ward. Hapa binti yako amesema kweli, na sitaki kuificha kweli hiyo ili nishinde hoja. Mwingereza huyu alizaliwa mwaka 1585, wakati Wakatoliki wa nchi yake wakiteswa, na mwaka 1609 alikusanya wenzake Saint-Omer, ng'ambo ya bahari, akaanza jumuiya ya wanawake wasiofungiwa ndani ya kuta, wanaofundisha wasichana na kuongozwa na mkuu wao mwanamke, kwa mfano wa Wajesuiti. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo lisilovumilika. Papa Urban VIII alilifuta shirika lake mwaka 1631, na yeye akafungwa katika monasteri moja mjini Munich kama mzushi. Alikuwa mgonjwa, na barua alizowapelekea wenzake aliziandika kwa maji ya ndimu, ambayo hayaonekani mpaka karatasi ipashwe moto. Alipoachiliwa alikwenda Roma kujieleza mbele ya Papa mwenyewe, naye Papa akakubali kwamba hakuwa mzushi. Lakini shirika halikurudishwa. Alikufa karibu na York mwaka 1645. Roma ililithibitisha shirika lenyewe mwaka 1877, na mpaka mwaka 1909 masista wake hawakuruhusiwa kumwita mwanzilishi wao. Mwaka 2009 Papa Benedikto XVI alimtangaza kuwa Mtumishi wa Mungu anayestahili heshima, hatua inayomtangulia mtu kuitwa Mwenyeheri. Tawi tunalolijua hapa kwa jina la Loreto lilianzishwa Dublin na Mama Teresa Ball miaka ya 1820, na masista wake wakafika Nairobi mwaka 1921.

Kwa hiyo ni kweli Kanisa limewahi kumkosea mwanzilishi, tena vibaya. Mwanzilishi anaweza kukataliwa na bado awe wa Mungu. Lakini angalia alichokifanya mwanamke huyu aliyeonewa: hakujificha. Alimwandikia Papa, akasafiri kwa miguu hadi Roma, akafungua nyumba na shule zake mbele ya macho ya maaskofu, na aliposhtakiwa alikwenda kwa mshtaki wake. Mtu anayetaja jina la Mary Ward ili asiulizwe maswali na askofu anatumia jina la mwanamke aliyetembea mamia ya kilomita ili aulizwe.

Na usidhani kwamba kila mwanzilishi lazima atoke kwake. Mama Kevin Kearney, Mwairlandi aliyefika Uganda mwaka 1903 na ambaye watu wa huko humwita Mama Kevina, alianzisha Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko mwaka 1923 kwa ajili ya wasichana wa Kiafrika, huku yeye akibaki mtawa wa shirika lake la Mill Hill. Masista hao wako hata hapa Kenya.

Nikija kwenye hali ya leo, sheria imekaza zaidi kuliko enzi za Mama Teresa, wala haijalegea. Askofu wa jimbo ndiye anayesimika shirika jipya kwa hati rasmi. Tangu Novemba 2020, kwa agizo la Papa Fransisko, hawezi kufanya hivyo kabla ya kupata kibali cha maandishi kutoka Roma. Kabla ya kufikia hapo, kikundi huishi kwa miaka mingi kama chama cha waamini, na askofu akikitazama. Kuwa kikundi kidogo katika nyumba ya kupanga si dhambi wala si dalili ya ulaghai. Mashirika mengi mazuri yalianzia katika chumba kimoja. Linalotofautisha ni kama kuna padre au askofu anayejua mlango ule uko wapi na aliyewahi kuupita.

Cheti ulichokiona hakijibu swali hilo. Msajili wa Vyama huandikisha vyama vya mazishi, vya akina mama na vya waimbaji. Anachothibitisha ni kwamba chama kipo mbele ya serikali. Hana uwezo wa kumfanya mtu kuwa sista, na wala hadai kuwa nao. Vivyo hivyo huyo mama mwenyewe: kama ametoka kwa ruhusa ya kuishi nje, anayo barua inayotaja muda (mkuu wa shirika huweza kutoa mpaka miaka 3) na inayotaja anawajibika kwa nani. Kama alifunguliwa nadhiri, basi ni mlei kama wewe. Mlei naye anaweza kuanzisha jambo jema, lakini hapaswi kuwaacha watu waamini kwamba ni sista. Kumwomba aonyeshe barua hiyo si kumvunjia heshima. Mimi nikienda kuishi jimbo jingine nabeba yangu.

Kuhusu nadhiri ya sebuleni, naomba usome aya hii pamoja na binti yako, kwa sababu nadhani ndiyo inayombana usiku. Nadhiri za kitawa huwekwa katika shirika lililosimikwa, baada ya unovisi usiopungua miezi 12, katika nyumba iliyoteuliwa kwa hati, na hupokelewa na mkuu halali kwa jina la Kanisa. Za kwanza huwa za muda, miaka 3 hadi 6 kwa kawaida, ili mtu apate nafasi ya kupima na kupimwa. Alichofanya binti yako hakifikii hapo. Kwa lugha ya sheria ni nadhiri ya binafsi, ahadi kati yake na Mungu. Kama aliifanya kwa hofu kubwa aliyotiwa isivyo haki, au kwa kudanganywa kuhusu kile alichokuwa akikiingia, sheria inasema ni batili tangu mwanzo. Kama aliifanya kwa hiari kabisa, paroko wake anaweza kumfungua kwa sababu ya haki. Hahitaji kwenda Roma. Aliyemwambia kwamba akirudi nyuma amemkataa Mungu amemtwika mzigo ambao Kanisa lenyewe halimtwiki. Kwetu mnovisi akiona njia si yake tunamfungia mizigo, tunakula naye chakula cha mwisho na tunampeleka stendi. Nimewasindikiza wengi hivyo, na baadhi wamenialika harusini.

Fedha ni jambo la kulitazama kwa makini lakini bila kukimbilia kulaumu. Mashirika mengi halali huomba wazazi godoro, mablanketi, vipimo vya hospitali, pengine na mchango kidogo wakati wa malezi ya mwanzo. Lakini mchango wa kiwanja ni kitu kingine. Uliza kiwanja kitaandikwa jina la nani. Kama ni jina la mtu mmoja, hata awe mtakatifu, siku akifa au wakigombana wasichana wale hawatakuwa na paa. Hata katika shirika lililokamilika, mtawa anabaki na mali yake kisheria wakati wa nadhiri za muda. Anachokiachia ni usimamizi tu. Mimi nisingetoa hizo 80,000 kabla ya kuona maandishi ya askofu, na ningelisema hilo waziwazi na kwa adabu, bila kisingizio cha kwamba hali ya nyumbani ni ngumu.

Sasa la kufanya. Binti yako ni mtu mzima, na ukienda pale na wajomba watatu kumtoa kwa nguvu utakuwa umempa mama yule ushahidi kwamba "ulimwengu" unawatesa. Nenda kwanza kwa paroko wako na paroko wa eneo ilipo nyumba hiyo, uwaulize kama wanakijua kikundi hicho kwa jina. Wasipokijua, nenda wewe mwenyewe katika ofisi za Jimbo Kuu, karibu na Basilika ya Familia Takatifu, uombe kuonana na anayeshughulikia watawa. Tafuta pia jina la shirika alilotoka mama yule. Umoja wa masista wa Kenya, AOSK, upo hapa hapa Nairobi na unaweza kukuelekeza kwa mkuu wa shirika hilo, ambaye atakuambia bila chuki wala siri nyingi kama sista huyo ana ruhusa au hana. Huenda ukapata habari njema: kwamba askofu anajua, kuna padre aliyepewa kazi ya kuwaangalia, na utaratibu unaendelea. Ikiwa hivyo, mwambie binti yako umefurahi, na uendelee kuuliza maswali. Lakini ukikuta kwamba wasichana wamenyang'anywa simu na vitambulisho, hawaruhusiwi kwenda hospitali wanapougua, wanazuiwa kuungama kwa padre wanayemtaka, au kuna kupigwa, usisubiri majibu ya barua. Hapo ni kituo cha polisi siku hiyo hiyo, na paroko utamjulisha ukiwa njiani.

Ukimpata binti yako peke yake, hata kwa chai ya nusu saa, usimwambie kwamba ametapeliwa. Muulize tu: "Nani anamuuliza mama huyu maswali?" Kisha umnyamazie, afikiri. Mwambie pia kwamba mashirika yaliyosimikwa hupokea wasichana kwa siku chache za kuja kuona, kama Yesu alivyowaambia wale wawili, "Njoni, nanyi mtaona." Akitembelea mawili au matatu kisha akarudi Kasarani, atakuwa ameamua kwa macho yaliyofunguka.

Mweleze na hili moja, kwa kuwa ni mwanafunzi wa uuguzi. Mama Teresa alipotoka Entally hakwenda mtaani siku ile. Alipanda treni hadi Patna, kwa Masista wa Misioni ya Tiba, akajifunze kuhudumia wagonjwa, kuzalisha na kuchoma sindano. Alikuwa amepanga kwamba masista wake wangekula wali na chumvi kama maskini wenyewe. Masista wa Patna walimkatalia: wakila hivyo wataugua na kufa, na maskini hawatahudumiwa na mtu. Alibadilisha mpango. Alirudi Kolkata Desemba akiwa amefundishwa, akaanza kazi katika mtaa wa Motijhil. Kwa hiyo kabla hata ya kuonana na paroko, pita pale chuoni umuulize msajili nafasi ya binti yako itashikiliwa mpaka lini, na kama barua ya kuahirisha masomo inaweza kupokelewa sasa.